Kabla Hujanunua Upanga

Kuna mchezo ambao ukiutaja mbele ya wasee wa mtaani, watu wanagawanyika papo hapo. Nusu wanacheka. Nusu wanauliza, "Na mtu anaanza aje?" Ni mchezo wa kuvaa uhusika. Kikundi cha watu kinakubaliana kwamba kwa saa kadhaa, au hata siku kadhaa, kila mmoja atakuwa mtu mwingine. Hakuna jukwaa, hakuna watazamaji, hakuna mistari ya kukariri. Unatembea, unaongea, unagombana na kupatana ukiwa huyo mtu mwingine. Duniani unajulikana kwa herufi nne, LARP, na picha zake ambazo wengi wetu tumekutana nazo ni za wazungu msituni, wamejivika ngozi na deraya, wanatwangana kwa panga za sponji.

Hao wanaouliza "mtu anaanza aje" huwa wamebeba wasiwasi wa aina tatu. Kwanza, doo: mavazi yale yanatoka wapi na ni bei gani? Pili, aibu: nikifika pale sijui lolote, si nitachekwa? Tatu, na hili ndilo zito: si huu ni mchezo wa watu wengine, wenye historia ya wafalme na ngome za mawe? Sisi tunaingilia wapi?

Mimi naona historia inajibu maswali hayo kuliko duka lolote la mavazi. Ukifuatilia mchezo huu ulikotoka, unakuta umejengwa na watu waliokuwa wageni: wageni wa mchezo, wageni wa mji, wageni kwa wenzao. Na umedumu pale ambapo mgeni alitengenezewa nafasi. Mahali jambo hilo linapoonekana wazi zaidi, kwa maoni yangu, si Marekani wala Uingereza. Ni Pwani yetu wenyewe, Lamu na Mombasa, wakati Nairobi ilikuwa bado kinamasi. Tutafika huko. Lakini kwanza tuanzie nyumbani kabisa.

Wewe si mgeni kama unavyodhani

Kalongolongo. Huhitaji kuelezwa ni nini. Kopo linageuka sufuria, mchanga unakuwa unga, matope yanakuwa chapati. Mmoja ni baba, anatoka kwenda kazini nyuma ya tangi la maji. Mwingine ni mama. Yule mdogo ambaye hana sauti anafanywa mtoto na kulazimishwa kulala saa nne asubuhi.

Hebu angalia vizuri kinachoendelea pale. Kuna wahusika. Kuna nyumba isiyokuwepo ambayo wote wanaiona. Kuna sheria ambazo hakuna aliyeziandika lakini kila mtu anazijua: matope hayaliwi kweli, na "baba" akiitwa na mama yake mzazi aende dukani, mchezo umesimama. Na mtoto aliyehamia kwenye ploti jana anaingizwa vipi? Hapewi somo wala kitabu cha kanuni. Anaambiwa tu, "Wewe ni jirani, umekuja kuomba chumvi." Ndani ya nusu dakika ana jina, ana sababu ya kuwa pale, na ana kitu cha kufanya.

Ishike hiyo chumvi. Nitairudia, manake ndiyo siri yote ya kumpokea mgeni, na watu wazima wamechukua miaka mingi kuigundua upya.

Uwanja wa nyuma ya nyumba, 1966

Tarehe 1 Mei 1966, mjini Berkeley, California, vijana kadhaa, wengi wao wanafunzi na wapenzi wa hadithi za kubuni, walikutana katika uwanja wa nyuma ya nyumba ya Diana Paxson, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi wa riwaya. Walikuwa wamealikwa kwenye shindano la mashujaa kama wale wa Ulaya ya zamani. Walipigana, wakasherehekea, kisha wakatoka barabarani kwa maandamano ya kupinga karne ya 20. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wa vijana waliokuwa wanatamani dunia nyingine. Walipotaka kurudia sherehe ile katika bustani ya umma, ilibidi ombi la kibali liwe na jina la kikundi. Ndipo likazaliwa jina Society for Creative Anachronism, au SCA.

SCA haijiiti LARP, na baadhi ya wanachama wake watakukatalia wazi ukiwaita hivyo. Lakini jambo lililowapata ndilo linalotuhusu sisi. Kanuni yao ni kwamba kila anayekuja kwenye shughuli afanye angalau jaribio la kuvaa kama mtu wa kabla ya karne ya 17. Sasa fikiria mgeni. Amesikia habari Jumatano, anataka kuja Jumamosi. Nguo ya karne ya 13 ataitoa wapi? Mlango ungefungwa pale pale. Kwa hiyo vikundi vya SCA vina mtu ambaye kazi yake ni kupokea wageni, na vinaweka mavazi ya kuazima, utaratibu ambao wenyewe huuita ufunguo wa dhahabu. Jina lenyewe linakueleza wanavyolichukulia jambo hilo.

Mwaka wa 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kukaa mezani ambapo unasema mhusika wako anafanya nini na dadu zinaamua kama amefaulu. Haikuchukua muda kabla ya watu kutaka kuinuka kwenye viti. Mwaka wa 1977, karibu na jiji la Washington, Brian Wiese alianzisha Dagorhir, mchezo wa vita ambapo silaha zimevikwa sponji ili mtu apigwe bila kuumia.

Hapo ndipo jibu la swali la pesa lilipo. Waanzilishi hawa hawakuwa wateja wa duka la panga za LARP, manake duka lenyewe halikuwepo. Kulikuwa na mtu, sponji, tepu na kijiti cha kushikilia. Biashara ya mavazi ya ngozi na silaha zinazometameta ilikuja baadaye, baada ya wachezaji kuwa wengi kiasi cha kuuziwa vitu. Ukiona gharama kubwa mlangoni mwa mchezo huu, jua imewekwa na soko. Mchezo wenyewe haukuanza nayo.

Ngome ya uongo na kazi ya zimwi

Huko Cheshire, Uingereza, kuna ngome inayoitwa Peckforton. Ina minara, ina kuta nene za mawe, na ukiiona utaapa kwamba mashujaa wa farasi walishawahi kumwaga damu pale. Wapi! Ilijengwa miaka ya 1840, enzi za reli na viwanda, na tajiri mmoja aitwaye John Tollemache aliyetaka tu kuishi kwenye ngome ya Enzi za Kati. Yaani ngome yenyewe imevaa uhusika. Kwa hiyo ukisikia kwamba mchezo huu ni wa "watu wenye historia ya ngome", kumbuka kwamba hata wao walilazimika kujijengea ya kubuni.

Mwaka wa 1982 kikundi kilichoitwa Treasure Trap kilianza kuendesha michezo humo ndani. Watu walilipa, wakavaa, wakaingia kwenye kumbi na vyumba vya chini kutafuta hazina na kupigana na mazimwi. Lakini zimwi halijitokezi lenyewe. Lazima kuwe na binadamu aliyevaa kinyago, anayesubiri gizani, anayejua atapigwa na kufa mara nane kabla ya chakula cha jioni.

Kazi hiyo ya zimwi ndiyo imekuwa mlango wa wageni wengi katika michezo ya Uingereza. Ukiitazama haraka utaona kama uonevu, kama mgeni kupewa kazi chafu. Mimi naona ni busara. Ukiwa zimwi huhitaji historia ndefu ya ukoo wako. Huhitaji vazi lako mwenyewe, unapewa. Ukikosea sheria, unakufa, unainuka, unajaribu tena kwenye kona inayofuata. Na unawaona wachezaji wazoefu kutoka upande wa pili, unajua nani anacheza kwa heshima na nani anapiga kichwani. Unafundishwa bila kukalishwa darasani. Ni ile chumvi ya kalongolongo, ila hapa jirani ana meno.

Treasure Trap haikudumu Peckforton hata kufika mwisho wa mwongo ule. Lakini wachezaji wake walitawanyika na kuanzisha michezo kwingine, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Durham waliunda chama chenye jina lilo hilo, ambacho kimeendelea kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi. Hata leo, katika mchezo mkubwa wa Empire ulioanza Uingereza mwaka wa 2013, mchezaji anayepigana vita upande wake siku moja huvaa uadui na kupigana upande wa maadui katika vita vingine. Hakuna aliye mkubwa sana kuwa zimwi la mwenzake.

Kabla ya mchezo, na baada yake

Huko Kaskazini mwa Ulaya, yaani Norway, Sweden, Denmark na Ufini, mchezo ulichukua njia nyingine. Mwaka wa 1997 wachezaji wa nchi hizo walikutana Oslo kwenye kongamano lililoitwa Knutepunkt, na wamekuwa wakikutana kwa zamu katika nchi hizo nne. Huko wakaanza kujiuliza: lazima tuwe na panga? Kwani hatuwezi kucheza familia inayogawana mirathi, wagonjwa hospitalini, wakimbizi mpakani?

Mwaka wa 2013, kwa mfano, Wapalestina na Wafini walishirikiana kutengeneza mchezo unaoitwa Halat hisar, uliochezwa Ufini. Ndani yake, Ufini ndiyo nchi iliyokaliwa na jeshi la kigeni, na maisha ya kila siku, vizuizi vya barabarani, msako na kukamatwa, vinafanana na ya Palestina. Mfini aliyezoea kuona mambo hayo kwenye taarifa ya habari alijikuta anaomba ruhusa ya kupita katika nchi yake mwenyewe. Upanga wa sponji haufiki hapo.

Lakini ukicheza mambo mazito hivyo, mgeni anaweza kuumia bila kupigwa. Ndipo wakaunda taratibu ambazo sasa zimeenea. Kabla ya kucheza, watu hufanya mazoezi pamoja: wanajuana, wanajenga uhusiano wa wahusika wao, wanakubaliana mpaka uko wapi. Kuna neno la kusimamisha mchezo mara moja na neno la kupunguza kasi, na yeyote anaruhusiwa kuyatumia bila kuulizwa sababu. Baada ya mchezo wanakaa chini, wanavua uhusika, wanaongea. Wanajua hisia za mhusika huvuja zikaingia kwa mchezaji, na za mchezaji zikaingia kwa mhusika. Ukimchukia mtu ndani ya mchezo kwa saa sita, hiyo chuki haiishi kwa kuzima taa.

Nchini Denmark wamefika mbali zaidi. Kuna shule ya bweni ya vijana mjini Hobro, Østerskov Efterskole, iliyofunguliwa mwaka wa 2006, ambayo inafundisha masomo kwa njia hii ya kuvaa uhusika. Hapo mchezo umekuwa darasa.

Sasa twende Pwani

Hadi hapa mtu anaweza kusema, "Sawa, lakini hao wote ni walewale." Ni kweli. Kwa hiyo turudi nyuma, miaka sabini na zaidi kabla ya uwanja ule wa Berkeley.

Katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma iliyoitwa beni. Neno lenyewe limetoka kwa bendi, zile za majeshi ya kikoloni. Lakini ukidhani beni ilikuwa ni kucheza muziki tu, umekosa nusu ya habari. Kila mji uligawanyika katika vyama vinavyoshindana. Mombasa walikuwepo Kingi na Skochi. Bara la Tanganyika baadaye wakajulikana Arinoti na Marini. Kila chama kilikuwa na sare, gwaride, bendera, na ngazi nzima ya vyeo: mfalme, gavana, jenerali, daktari, na kuendelea kushuka. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama vilivyoshindana kwa bidii ileile. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kilichochapishwa mwaka wa 1975, na ukikisoma unaona wazi kwamba vyeo vile havikuwa pambo la siku ya ngoma pekee. Kati ya ngoma moja na nyingine watu waliitana kwa vyeo hivyo, walikaa vikao, walitoa amri na kutozana faini.

Sasa niambie. Watu wamekubaliana kuwa watu wengine. Wana mavazi, vyeo, sheria, pande mbili zinazoshindana, na hadithi inayoendelea miaka na miaka. Hawakuuita mchezo huo LARP, na sitaki kuwabandika jina ambalo hawakulijua. Ninachosema ni kwamba mbinu ni hiyohiyo, na ilikuwa hapa.

Kisha ikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Maelfu ya wanaume kutoka kila kona ya Afrika Mashariki walikusanywa wakawa askari na wapagazi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimeachiwa majina yao na kikosi hicho cha wapagazi. Kambini, watu wasiojuana lugha wala kabila walijikuta pamoja, na beni ikawa moja ya vitu walivyoweza kufanya pamoja, kwa Kiswahili. Vita vilipoisha waliibeba kwenda nayo. Ilifika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na ngoma kama malipenga, yenye gwaride na vyeo, ni ndugu zake wa damu. Ilifika migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Nani aliyejiunga? Hapa ndipo moyo wa habari ulipo. Wengi walikuwa watu waliotoka kwao kutafuta kazi mjini. Umefika Dar es Salaam au Mombasa, huna ndugu, huna shamba, ukiugua hakuna wa kukuletea uji na ukifa hakuna wa kukuzika. Chama cha beni kilikupa cheo, hata kama ni cha chini kabisa. Kilikupa sare ya kuvaa na watu wa kukuita jina. Na ukipata shida, wenzako walichangishana: matibabu, mazishi, mapokezi ya mgeni kutoka tawi la mji mwingine. Kwa jirani anayeomba chumvi, beni walimpa chumvi, wakampa na sanda.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1951, mtafiti Clyde Mitchell alitazama ngoma ya kalela, ambayo ni ukoo uleule, katika mji wa migodi wa Luanshya. Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'aa. Walikuwa na mfalme wao. Walikuwa na daktari aliyevaa koti jeupe lenye msalaba mwekundu. Na walikuwa na muuguzi, mwanamke pekee katika kikundi, aliyevaa meupe na kupita kati yao na kioo na leso ili wabaki nadhifu. Siku za kazi, wengi wa wanaume hao walikuwa vibarua.

Kuna wanaosema watu hawa walikuwa wanamwiga mzungu tu. Mimi sikubaliani. Fikiria mwanamume wa miaka arobaini ambaye mchana kutwa anaitwa "boi" na kijana wa miaka ishirini na miwili. Jioni anavaa sare, na watu mia wanamsimamia na kumwita Jenerali. Hajadanganyika, anajua kesho atarudi kufagia. Lakini amejifunza kwa mwili wake mwenyewe kwamba cheo ni makubaliano. Watu wakikubali, upo. Wakikataa, haupo. Serikali ya kikoloni ilifanya uchunguzi kuhusu beni baada ya vita, na wafanyakazi wa migodi ya shaba walipogoma mwaka wa 1935, tume ya uchunguzi ilivitazama vyama hivyo pia. Kwangu mimi haishangazi. Mtu aliyewahi kucheza gavana anajua ugavana umeshonwa na nini.

Beni haikuwa peponi, lakini. Ushindani kati ya pande mbili ulizaa matumizi ya kupindukia. Karamu zilishindanishwa, sare zilishindanishwa, watu wakaingia madeni ili upande wao usiaibike. Na hapo tunarudi kwenye lile swali la pesa. Mchezo uliomfungulia mlango mtu asiye na kitu ulianza, mahali pengine, kumdai vitu. Hilo ndilo onyo la historia kwetu, na ni onyo linalowahusu pia wale wa Ulaya wenye mavazi ya maelfu ya yuro.

Basi, mtu anaanza aje?

Kwa kufuata waliotangulia. Hivi ndivyo ninavyoshauri.

Tafuta watu kabla ya vitu. Sita wanatosha, kumi ni wengi. Mahali ni sebule, ukumbi wa kuazima, au uwanja wa shule wakati wa likizo. Mavazi? Leso, koti la mjomba, miwani iliyovunjika. Yeyote mwenye nguo za ziada alete, ziwekwe pamoja, ziwe za kuazima. Huo ndio ufunguo wenu wa dhahabu.

Chagueni hadithi mnayoijua kwa damu. Hakuna haja ya kuanza na mashujaa wa Ulaya. Matatu ya abiria 14 imekwama usiku kati ya miji miwili. Mafuta yameisha, konda hana chenji, na abiria mmoja ana begi ambalo hataki liguswe. Huo ni mchezo mzima. Au mazungumzo ya mahari. Hapo hata tuna uzoefu: kuna msemaji wa kila upande anayejifanya hajui wageni wamefuata nini, kuna wanawake wanaofunikwa leso ili bwana harusi amtambue wake. Watu wazima na heshima zao, wanavaa uhusika siku nzima na hakuna anayewacheka.

Mpe kila mtu chumvi yake. Kila mhusika awe na vitu vitatu: anachokitaka, anachokificha, na mtu mmoja au wawili anaowajua. Ni sentensi tatu kwenye karatasi. Asiye na anachokitaka atakaa kwenye kona akishika simu, na hutamlaumu.

Mgeni apewe nafasi fupi yenye nguvu. Asibebeshwe uongozi wa hadithi mara ya kwanza. Awe askari anayesimamisha matatu, shangazi anayefika mahari ikiwa katikati, mtu anayeleta barua. Akitoka, anaweza kurudi akiwa mtu mwingine. Anza kama zimwi.

Mkubaliane maneno mawili. "Simama" inasimamisha kila kitu. "Polepole" inapunguza. Anayesema haulizwi kwa nini, wala hachekwi baadaye. Na kama kuna kugusana, mkubaliane kabla.

Mkimaliza, msikimbilie nyumbani. Vueni uhusika. Kila mmoja aseme jina lake halisi na jambo moja lililomgusa. Aliyecheza mkatili akae karibu na aliyeteswa naye, wanywe chai.

Na jambo moja la miji yetu: acheni bunduki za bandia kabisa, hata za plastiki, na msichezee mambo ya kufukuzana na kupiga mayowe barabarani bila majirani kujua. Mpita njia hajakubaliana nanyi kuhusu hadithi yenu. Askari wa doria naye hajakubaliana. Mchezo huu wote unasimama juu ya makubaliano, na nje ya mlango makubaliano hayapo.

Kwa nini najisumbua

Najua kuna watakaosema huu ni utoto, kwamba vijana wana shida za kodi na ajira na mimi naleta habari za kucheza. Waliocheza beni pia walikuwa na shida za kodi na ajira. Kodi ya kichwa na ya kibanda ndiyo iliyowatoa wengi vijijini kwenda kutafuta kibarua. Hawakucheza kwa sababu maisha yalikuwa mepesi. Walicheza kwa sababu mji ulikuwa umewapa nafasi moja tu, ya chini, wakakataa kwamba hiyo ndiyo hadithi yote.

Miji yetu leo imejaa watu waliofika na begi moja. Kijana amemaliza kidato cha nne, amekuja kwa binamu yake, na tayari amepewa uhusika bila kuulizwa: mzembe, mshamba, yule wa kutumwa. Hana wa kumwita jina lingine. Anaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kumwambia, "Wewe ni jirani, karibu, umekuja kuomba chumvi."

Kwa hiyo usiniulize upanga unauzwa wapi. Niulize ni nani kwenye ploti yenu aliyehamia juzi na bado hajaalikwa kitu chochote. Anza na huyo. Mwandikie sentensi tatu, mtafutie koti, mwambie saa na mahali.